Maziwa ya Mama Zuhura

Ukinipa ungo wa maharage nichambue, hata leo na mvi zangu hizi, koo linajiandaa kusoma. Sijui ninyi wa rika langu mnakumbushwa utoto na nini. Wengine watasema sabuni ya kufulia, wengine moshi wa kibatari. Mimi ni maharage. Vidole vikianza tu kutoa mawe na punje zilizotobolewa, naisikia sauti yangu ya kitoto ikisoma kwa kuimba, vile walimu walivyotuzoesha, na mama zangu wawili wamekaa mkekani, mmoja anachambua, mwingine anafuta machozi kwa pindo la kanga.

Nasema mama zangu wawili na sijakosea. Wa kwanza ndiye aliyenizaa, mtaa mzima ukimwita Mama Gallus kwa jina la kaka yangu. Wa pili ni Mama Zuhura, jirani yetu wa mtaa wa Majengo, Songea, tuliyetumia naye ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Sisi tulikuwa Wangoni Wakatoliki, wao Wayao Waislamu waliotoka Tunduru. Mama aliponizaa, ziwa likaota jipu, homa ikapanda, akalazwa hospitali ya misheni mpaka watu wakaanza kunong'ona. Mama Zuhura alikuwa amejifungua Shabani muda si mrefu. Akanichukua. Shabani akapewa ziwa la kulia, mimi la kushoto, na hata nilipokuwa mtu mzima alikuwa akinitania mbele za watu: "Huyu Frida mnayemwona mpole hivi aliniuma kuliko Shabani! Meno hana, lakini ufizi kama koleo."

Basi nilikua nikijua nina mama wa akiba. Nikichapwa upande huu wa ua, naenda kulilia upande ule. Ijumaa nakula ubwabwa kwao. Jumapili Shabani na dada yake Zuhura wanakuja kula kuku kwetu, na kuku huyo Mama hakumchinja mwenyewe hata siku moja. Alimpelekea Mzee Mohamedi, mume wa Mama Zuhura, amchinje yeye, ili watoto wa jirani wasinyimwe paja kwa sababu ya kisu. Hakuna aliyewahi kueleza jambo hilo. Kuku alivuka ua akiwa hai, akarudi akiwa nyama.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya Majengo yalikuwa yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa watu tu: sabuni za rangi, mitumba ya kuchagua, redio za kaseti. Mzee Mohamedi alipeleka vitenge Tunduru na kurudi na korosho, na safari moja alirudi na kitabu. Alikinunua stendi, basi likiwa limeharibika, ili amfurahishe mkewe. Jalada lilikuwa limechanika pale penye jina, limebaki na mchoro wa mwanamke aliyejifunika uso kwa kiganja na mwanamume anayeondoka. Kitu kimoja tu Mzee alisahau: mkewe hajui herufi zile. Mama Zuhura aliisoma Kurani vizuri mpaka wapita njia wanasimama, na barua za ndugu zake aliandika kwa herufi za Kiarabu, lakini hizi za shuleni zilimshinda. Mama yangu naye alishika kitabu cha nyimbo kila Jumapili, ila siku moja nilimwona amekigeuza juu chini na anaimba beti zote bila kukosa hata moja.

Kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. Nilikuwa darasa la tano, na nilisoma vizuri, tena niliringa. Ilikuwa baada ya mavuno, ule msimu Songea inapokuwa na baridi ya kukunja vidole hadi jua lipande. Mchana tulikaa kwenye baraza ya Mama Zuhura, mgongo ukiota jua, wao na maharage yaliyotoka shambani kwetu Mshangano, mimi na kitabu. Zuhura alikaa mlangoni akidarizi vitambaa vya makochi na kujifanya hasikii. Shabani alikimbia siku ya kwanza. Alisema hadithi haina vita.

Na kweli haikuwa na vita. Ilikuwa ya mapenzi, tena ya kuumiza. Idrisa na Mwanahawa walikuwa wa kijiji kimoja cha mwambao, wamependana tangu wakiteka maji, na kila ukurasa kuna kinachowazuia: mara baba, mara njaa, mara mtu mwenye mali. Mama Zuhura aliwasemesha kana kwamba wako uani. "Ondoka hapo, Mwanahawa, huyo baba hakutakii mema!" Mama alimwambia anyamaze mtoto asome, halafu yeye mwenyewe akaguna, "Yesu na Maria, huyu mwanamume mbona mzito hivi?"

Mama alikuwa na kikohozi chake. Mwandishi akikaribia kuwafungia wapenzi mlango, Mama anakohoa mara mbili, kavu, na maana yake ni ruka hapo. Mimi naruka mpaka nione neno asubuhi.

"Aka, Mama Gallus nawe!" Mama Zuhura analalamika. "Umetukatia utamu."

"Kuna mtoto."

"Mtoto si ndiye anayesoma? Ameshaona yote huyo."

Nilikuwa nimeona, ndiyo. Hapakuwa na kitu. Walishikana mikono, taa ikapungua mafuta, basi. Nilijiuliza watu wazima wanaogopa nini kwenye mikono.

Sasa niwaambie habari za kaka yangu. Gallus alikuwa ameshamaliza shule na anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, pale nyuma ya soko. Alirudi jioni mweupe kuanzia nyusi hadi ndala, na Mama hakumruhusu kuvuka kizingiti mpaka ajikung'ute. Baba yetu alikuwa dereva wa lori, njiani zaidi kuliko nyumbani, kwa hiyo Gallus ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba: mpole, mcheshi, mhudumu wa altare mpaka ndevu zilipoanza. Na Zuhura, mwaka ule, alipenda sana kwenda mashineni. Watu wengine walisubiri debe lijae. Zuhura alikwenda na bakuli. Leo bakuli, kesho kutwa bakuli. Mama Zuhura alijisifu kwa majirani kuwa binti yake hapendi unga uliolala.

Mimi nilijua. Watoto wanajua kila kitu, wanachokosa ni maana yake. Siku nilipotumwa kumpelekea kaka chakula niliwakuta nje ya mashine, ile mitambo ikinguruma ndani, na ilibidi waseme kwa sauti ya juu mambo ambayo watu wengine huyanong'ona. Gallus alikuwa anasema, "Nitakwenda kwa mzee wako mwenyewe. Akitaka nibadili hata jina, nabadili." Zuhura alicheka, akafuta unga kwenye nyusi zake kwa ncha ya ushungi. Nilidhani kaka anataka jina jipya kwa sababu Gallus lilikuwa gumu, na kweli watoto wa mtaani walilikosea kila siku.

Niliwapenda wote wawili. Nilishaamua moyoni kwamba wakioana Zuhura atahamia kwetu na nitalala naye kitanda kimoja, na ua wetu utakuwa nyumba moja yenye milango miwili. Hilo ndilo nililokuwa nimebeba kichwani siku tuliyofika ile sura.

Ilikuwa mkesha wa harusi, kitabuni. Idrisa na Mwanahawa wameshinda vikwazo vyote, pilau iko jikoni, na bibi kizee mmoja anaingia na fimbo yake kutoka kijiji cha mbali. Nilisoma polepole, kwa sauti ya kutetemeka niliyoitengeneza makusudi. Bibi akasimama katikati ya ukumbi, akasema: hawa hawaoani, wote wawili walinyonya kwangu, yule mama yake alipougua na huyu mama yake alipokufa. Hawa ni ndugu.

Mama Zuhura akajipiga paja. "Nilijua! Nilijua yule bibi hakuja kula pilau."

Mama akaacha kuchambua. "Ndugu vipi? Damu si mbalimbali?"

"Mama Gallus, kwetu maziwa ni kama damu. Wakishanyonya ziwa moja hawaoani. Haramu, basi."

"Hata kama hawakujua?"

"Hata kama."

Mama akatikisa kichwa kwa huruma. Zuhura hakuwepo, alikuwa amekwenda mashineni na bakuli lake. Mimi nikaweka kidole kwenye mstari, nisiendelee. Mnielewe nilivyowaza. Padri alipokuja kubariki nyumba yetu hakumnyunyizia kila mtu maji ya baraka. Alinyunyiza ukumbini, akanyunyiza mlangoni, na Mama akasema nyumba nzima imebarikiwa, hata Baba aliyekuwa njiani na lori. Niliona maziwa ni hivyo hivyo. Yameingia kwetu kwa mdomo wangu, basi yameenea nyumba nzima. Na kurasa zilizofuata nilikuwa nimeshazichungulia: Mwanahawa hali, hasemi, nywele zinamdondoka. Niliogopa nywele za Zuhura.

"Kwa hiyo kaka Gallus na dada Zuhura nao itawapata?" nikauliza.

"Iwapate nini?" Mama alikuwa bado anatabasamu.

"Hiyo ya kwenye kitabu. Si wanataka kuoana? Na maziwa yameshaingia kwetu."

Punje za maharage zilikuwa zinadondoka kutoka kwenye kiganja cha Mama Zuhura, moja moja, na yeye hazioni. Walitazamana. Halafu Mama akakohoa mara mbili, na mimi, mtoto mtiifu, nikaruka ukurasa.

Nikatumwa chumvi. Chumvi ilikuwepo, niliiona mwenyewe asubuhi, lakini nilikwenda. Niliporudi walikuwa wamesimama nyuma ya jiko, na mimi nikasimama upande wa pili wa ukuta kwa sababu sauti zao zilikuwa za ajabu. Hawakuwa wanagombana. Walikuwa wanaongea kama watu wanaobeba kitu kizito wasikiangushe.

"Gallus akisilimu, mimi kanisani nitaingia kwa mlango upi?" Mama alisema. "Niambie, mwenzangu."

"Na Zuhura akibatizwa? Mohamedi atanirudisha kwetu, na kwetu hawatanipokea."

"Sitaki kusema neno baya juu ya binti yako. Nimemlea."

"Wala mimi juu ya kijana wako. Sina baya la kumsema."

Kisha Mama akasema, "Mtoto amesema ni ndugu."

Mama Zuhura alichelewa kujibu. Ukimya ule nimeubeba miaka mingi bila kujua una nini ndani. "Amesema," akajibu mwishowe. "Basi ni ndugu. Maziwa ni maziwa."

Zuhura aliingia na bakuli la unga kichwani, Gallus nyuma yake kwa hatua chache, kama ilivyokuwa desturi yao ya kujifanya hawakufuatana. Mama zetu walikuwa wamekaa tena mkekani. Macho yao mekundu, lakini sauti zimetulia. Mama Zuhura ndiye aliyesema. Akaeleza kwamba Frida amenyonya kwake, kwa hiyo nyumba hizi mbili ni nyumba moja, na watoto wa nyumba moja ni ndugu, na ndugu wana adabu zao. Hakutaja mapenzi. Hakuna aliyetaja. Kisha akamwambia binti yake, "Msalimie kaka yako."

Zuhura alitua bakuli chini. Alimtazama mama yake kwa muda, tena machoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Nilidhani anashangaa kwa furaha. Akafungua mdomo kama anayetaka kueleza kitu, akamtazama mama yangu, akaufunga.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Gallus alisimama na unga wake wote mwilini. "Zuhura," akaanza.

"Dada," Mama akamsahihisha.

"Marahaba, dada."

Akaenda bombani kunawa uso. Unga ukikutana na maji unakuwa uji, na ule uji ulimtiririka mashavuni na shingoni, naye akawa ananawa na kunawa, maji yakaisha kwenye ndoo, akaendelea kupangusa kwa mikono mikavu. Mimi nilikuwa na raha kubwa kuliko mtu yeyote Majengo. Niliona kitabu kimetuokoa. Wale wa kitabuni waliambiwa mkesha wa harusi; wetu wameambiwa mapema, nywele za Zuhura zimepona. Nilingoja mtu anishukuru.

Hatukusoma tena. Kitabu kiliingia kwenye sanduku la Mama Zuhura pamoja na ubani na kanga zake za harusi. Lakini mimi ni mtu wa kumaliza nilichoanza, na sanduku halikuwa na kufuli. Nilikimalizia chooni, kwa awamu, mpaka Mama akataka kunipa dawa ya minyoo. Idrisa aliondoka kijijini. Mwanahawa aliolewa mbali. Ukurasa wa mwisho wanakutana uzeeni kisimani, Idrisa anamtwisha Mwanahawa ndoo, na wanaitana ndugu yangu. Nililia mpaka nikapaliwa. Nililia kwa ajili ya watu wa kwenye karatasi, na kaka yangu yuko chumba cha pili, hali, hasemi, wala sikumlilia hata chozi moja. Kwangu mimi kaka alikuwa amepona.

Aliacha mashine, akaenda Mbinga kwa mjomba wetu kwenye kahawa, na huko akabaki. Akaoa, akapata watoto, ana shamba zuri. Zuhura aliposwa Tunduru na mfanyabiashara wa korosho, mtu mwema, na harusini nilisimama karibu naye kama mdogo wa bibi harusi, na gauni la satini lililoniwasha kwapani. Gallus alikuja. Akatoa mkono, akasema, "Hongera, dada." Miaka ikapita kwa mtindo huo. Sikukuu, misiba, ubatizo wa wanangu: shikamoo kaka, marahaba dada. Watu waliusifu ua wetu. Walisema hao Wakristo na Waislamu wa pale kwenye ua wa Mama Gallus ni mfano wa kuigwa.

Na mama zangu walibaki marafiki. Hilo siwezi kulichukulia wepesi. Walizeeka pamoja, mmoja akimkumbusha mwenzake vidonge vya presha, mwingine akimfunga lemba mwenzake mkono ulipokataa kunyanyuka. Kuku aliendelea kuvuka ua akiwa hai.

Juzijuzi tumemzika Mama Zuhura. Shabani alinipigia simu, na nilipofika uani alinikumbatia mbele ya watu wote, jitu zima lile la kanzu, akalia begani kwangu. Maalim aliyekuja kuongoza dua siku iliyofuata maziko alikuwa kijana, mgeni mtaani. Akamwuliza Shabani kwa upole mimi ni nani kwake.

"Huyu ni dada yangu, maalim. Tumenyonya pamoja."

"Ahaa. Yeye peke yake, au na ndugu zake?"

"Yeye tu."

"Basi ni yeye tu," maalim akasema huku akinyoosha mikono ili anawe. "Watu huwa wanachanganya. Anakuwa ndugu yule aliyenyonya. Ndugu zake wengine si ndugu zenu, mnaweza hata kuoana nao. Pole sana, dada."

Zuhura ndiye aliyekuwa ameshika birika. Alimmiminia maji, hakutikisika, akampa taulo.

Mimi nilikwenda kukaa kwenye mkeka wa wanawake. Walikuwa wanachambua mchele. Mama yupo pale, mdogo siku hizi kama mtoto wa shule, ungo mapajani, na alikuwa amesikia. Nilijua amesikia kwa jinsi alivyoinamia ungo. Zuhura alipokuja kukaa kati yetu nikamwuliza kwa sauti ya chini kama alijua.

"Tangu siku ile ile," akasema. "Mimi si nimekaa madrasa, Frida? Babu yangu mwenyewe alikuwa maalim. Na Mama alijua, marehemu. Nilipomtazama machoni, aliangalia pembeni."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangebaki na lile jingine. La dini. Wangelisema, na wakishalisema hawa wawili wasingekaa tena mkeka mmoja." Akatoa jiwe, akalitupa. "Nilimwambia Gallus. Alitaka tutoroke. Mimi nikawaza mama yako kanisani, na mama yangu akirudishwa kwao. Nikamwambia nenda Mbinga."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia marehemu hata siku tatu hazijaisha. Yale maziwa yalikuwa yangu. Yaliniweka hai, yalikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa na mtu asiye wa damu yangu, nao wakayachukua wakayafanya ukuta. Nikamgeukia Mama. "Na wewe ulijua?"

"Sikuuliza," Mama akasema. Vidole vyake viliendelea. "Mwenzangu alisema ni ndugu, nikashukuru Mungu, nikafunga mdomo. Ningeuliza, angenijibu. Halafu angekuwa mkwe wangu au angekuwa adui yangu. Mimi nilimtaka jirani yangu." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono wenye vumbi la mchele. Mwanamke aliyekuwa akimfunga lemba alikuwa chini ya udongo tangu jana, na nywele za Mama zilikuwa zimefumuka upande mmoja.

Ndipo Gallus akaingia. Basi la Mbinga lilikuwa limechelewa. Alikuwa na gunia la unga begani, mchango wake wa msiba, na gunia lilikuwa limevuja kidogo, bega lote na nusu ya ndevu zimekuwa nyeupe, ingawa ndevu zake siku hizi ni nyeupe zenyewe. Akalitua mlangoni. Akavua kofia, akaja mpaka ukingoni mwa mkeka, akainama kwa adabu ile ile aliyofundishwa.

"Pole, dada Zuhura."

Zuhura hakusema asante kaka. Alisogeza ungo pembeni, akamtazama kuanzia nyusi hadi viatu, kama mtu anayekagua kitu chake alichokiazimisha zamani.

"Gallus," akasema, na wanawake wote mkekani wakainua vichwa. "Mimi na wewe hatukunyonya pamoja. Aliyenyonya ni Frida. Niite jina langu."

Mama akakohoa mara mbili, kavu, kikohozi kile kile.

Gallus hakuwahi kukaa nasi barazani siku za kitabu. Hakujua kikohozi kile kina maana gani. Alisimama na kofia yake mikononi, uso wa kijana wa mashineni ukapita usoni kwa mzee yule nami nikauona.

"Pole, Zuhura," akasema.

Mama akakohoa tena. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, kwenye mchele.

"Mama," nikamwambia, "hapa haturuki."